Nyuma ya Dirisha la Ofisi ya Shule



Mwezi Januari una sura yake katika parokia zetu. Sadaka hupungua kwa sababu tunazozifahamu sote. Wazazi huonekana njiani wakiwa na masanduku ya bati, magodoro na ndoo. Na mbele ya ofisi za shule hujipanga mistari mirefu ya watu walioshika fomu za kujiunga, risiti za benki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Katika mistari hiyo ndimo lilimozaliwa lalamiko ambalo limeifikia Tume yetu mara nyingi, hata tumeona haifai kulinyamazia tena. Wamelileta wazazi, wamelileta viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, na masista nao wamelileta: kwamba katika ofisi za shule, zikiwamo shule zilizo chini ya Kanisa, watu wameacha kufanya kazi. Mzazi aliyepanda basi tangu alfajiri huambiwa arudi kesho. Jalada la mtoto halionekani. Karani yupo mezani, lakini macho yake yako kwenye simu. Mhasibu ametoka kunywa chai saa tatu, na saa sita chai hiyo haijaisha.

Tuseme mapema, tusije tukadhaniwa kuwa watetezi wa wazembe: lalamiko hili lina ukweli. Jina la mtoto likikosewa herufi moja katika orodha ya usajili wa mtihani wa taifa, kosa hilo humfuata mpaka kwenye cheti chake, na kulisahihisha ni safari za ofisi nyingi na nauli ambayo mzazi hana. Barua ya uhamisho ikikaa wiki tatu bila kutiwa sahihi, ni mtoto anayekaa nyumbani wiki tatu. Tena wapo watumishi, wachache lakini wapo, ambao wamegundua kwamba kuchelewesha kuna faida, na kwamba mzazi aliyechoka kungoja atatoa kitu kidogo ili jalada lionekane. Hao hatuna neno la kuwafunika. Anayeuza sahihi ambayo amekwisha kulipwa mshahara kuitia ni mwizi, naye aitwe hivyo.

Lakini Tume ya Haki na Amani haikuundwa ili ipokee mashtaka na kuyapigia mhuri. Yatupasa kuzunguka, tuingie kwa mlango wa nyuma, tuone ni nani aliyeketi upande wa pili wa dirisha na amefikaje kuwa hivyo alivyo.

Yuko mama mmoja, katibu muhtasi wa shule ya sekondari ambayo hatutaitaja. Ametupa ruhusa ya kueleza habari zake, mradi asitambulike. Alipoajiriwa alikuwa akifika ofisini saa moja kasoro, kabla ya mwalimu wa zamu. Alikuwa na majalada ya wanafunzi wote kwa mpangilio wa alfabeti, kila kidato na rangi yake, na mzazi akiuliza jambo alijibiwa papo hapo. Wazazi wa zamani wa shule ile wanamkumbuka. Leo mama huyo huyo ndiye anayelalamikiwa. Anafika saa mbili na nusu, anajibu kwa neno moja, na majalada yake yamelala sakafuni kama mzigo wa kuni.

Tulikaa naye jioni mbili. Jioni ya kwanza tulimwomba atutajie tu kazi zake za siku moja. Anapokea simu na wageni. Anachapa mitihani ya majaribio ya vidato vyote na kuirudufu, kwa mashine ambayo fundi wake hulipwa kwa ahadi. Anaandika stakabadhi. Analinganisha risiti za benki na daftari la ada, na wazazi wengi hulipa kwa awamu tano au sita, wengine kwa jina la mjomba. Anaingiza taarifa za wanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na kwa kuwa mtandao wa pale ni mzuri usiku tu, kazi hiyo huifanya usiku. Anatunza funguo za stoo. Mtoto akiugua, yeye ndiye anayempeleka zahanati, kwa kuwa matroni hayupo. Kundi la wazazi la WhatsApp liko katika simu yake mwenyewe, kwa salio lake mwenyewe, na ujumbe wa saa nne usiku unaouliza kama kesho kuna masomo ya ziada hungoja jibu usiku huo huo. Jumamosi huchapa barua za chama cha kuweka na kukopa ambacho mkuu wake wa shule ni mwenyekiti wake. Hilo la mwisho alilitaja akicheka.

Hata hivyo, wingi wa kazi sio uliomvunja. Alituambia waziwazi kwamba miaka ile ya kwanza kazi ilikuwa nyingi vile vile, na bado alikuwa akienda nyumbani akiimba. Kilichobadilika ni mambo mengine. Alipata mabwana wawili: mkuu wa shule akimwagiza hivi, meneja akifika alasiri anaagiza vingine, na kila mmoja akimlaumu kwa kumtii mwenziwe. Mshahara ulianza kuchelewa, na alipouliza alijibiwa mbele ya wazazi kwamba anayeona kazi ngumu ajue mlango ulipo. Kisha likaja jambo la fedha. Mwisho wa muhula mmoja zilipungua sh. 340,000 katika kisanduku cha michango. Funguo za kabati zilikuwa na watu watatu. Hakuulizwa, hakuandikiwa barua, hakuitwa kwenye kikao. Aliona tu mshahara wake umepungua, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane. Anasema tangu siku ile mikono yake ilikuja kazini, lakini yeye mwenyewe alibaki nyumbani.

Watu wa vijijini kwetu wanaijua habari hii kwa mfano wa ng'ombe wa kukokota. Ng'ombe mvivu hulala kabla ya kufungwa nira. Ng'ombe aliyechoshwa huendelea kutembea, huendelea kuvuta, halafu siku moja katikati ya shamba hupiga magoti, wala fimbo haimwinui tena. Mwenye shamba asiyejua tofauti ya hao wawili atawapiga wote sawasawa, naye atapoteza wote.

Tofauti hiyo si ya kubuni. Mwaka 1974 daktari wa nafsi Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure huko New York, aliandika juu ya watumishi waliokuwa wakizimika ndani kwa ndani, na wengi wao walikuwa wale walioanza kwa moyo mkubwa zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza hali hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini kwa uangalifu: haikuiita ugonjwa, iliiita hali itokanayo na kazi, yaani msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake zilitajwa tatu. Mtu huishiwa nguvu. Hujitenga na kazi yake, akiitazama kwa uchungu au kwa dhihaka. Na kazi yenyewe hupungua ubora. Msomaji azipime dalili hizo tatu na yule anayemlalamikia dirishani. Aangalie pia neno lile la kwamba haukushughulikiwa. Haukushughulikiwa na nani?

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba wazee wetu walilima kutwa bila kujua neno msongo. Hoja hii tumeisikia hata mapadre wakiitoa. Wazee wetu walilima kutwa, ni kweli. Lakini shamba lilikuwa lao, mavuno waliyaona, mvua ikikatika walipumzika, na jirani alikuja na jembe lake siku ya kazi kubwa. Mtu hachoshwi na jasho peke yake. Huchoshwa zaidi na jasho lisiloheshimiwa.

Katika shule za umma hali ina sura nyingine, nayo tuiguse kidogo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima mpaka Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016, na watoto wakafurika, jambo la kumshukuru Mungu. Katika mpango huo ruzuku ya uendeshaji ilihesabiwa kwa sh. 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na sh. 25,000 kwa wa sekondari. Karani katika hesabu hiyo atoke wapi? Shule nyingi za msingi hazina karani kabisa, na kazi ya ofisi huangukia mwalimu ambaye darasa lake lina watoto wanaomngoja. Mzazi anayekuta darasa halina mwalimu anaona uzembe. Mara nyingine mwalimu yuko chumba cha pili, akijaza fomu.

Sasa turudi nyumbani kwetu, maana ndipo panapouma.

Mafundisho ya Kanisa juu ya kazi si machanga. Papa Leo wa 13 aliandika barua yake Rerum Novarum mwaka 1891, Papa Yohane Paulo wa 2 akaandika Laborem Exercens mwaka 1981, na Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba jina lake alilichukua hasa kwa kumkumbuka huyo Leo wa barua ya wafanyakazi. Barua hizi tunazitaja kila tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi iliyowekwa na Papa Pius wa 12 mwaka 1955. Tunapozitaja, aghalabu kidole chetu huelekea nje: kwenye viwanda, kwenye migodi, kwenye serikali. Lakini Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, katika hati yake juu ya haki ulimwenguni, ilikigeuza kidole hicho. Ilisema wazi kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki hana budi kwanza aonekane mwenye haki machoni pao, na kwamba wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao, walei wakiwamo, wanastahili riziki ya kutosha na hifadhi ya jamii. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1286, zinamwamuru kila msimamizi wa mali za Kanisa kushika kikamilifu sheria za nchi zihusuzo kazi na kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki. Hilo limeandikwa kama amri. Meneja wa shule hakupewa nafasi ya kuchagua.

Na sheria za nchi zasemaje? Tunaziandika hapa kwa sababu tumegundua kwamba katika bodi nyingi za shule hakuna aliyezisoma. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika majuma manne, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mwajiriwa apewe maelezo ya maandishi juu ya kazi yake, saa zake na ujira wake. Na shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri asiweze kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye mwajiri. Kuhusu fedha iliyopotea, sheria hairuhusu kumkata mtu kimyakimya. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Mwenye malalamiko anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 akiwa ameachishwa kazi, ndani ya siku 60 kwa migogoro mingine. Mama yetu aliyajua haya kutoka kwetu, na siku zilikuwa zimekwisha kupita.

Tukiishia hapo tutakuwa wanafiki. Sisi tunaoandika haya tuliwahi kuwa meneja wa shule ya parokia. Tulikuwa vijana, tumetoka seminarini na shahada ya teolojia, na juu ya kumwajiri mtu hatukuwa tumefundishwa hata saa moja. Tulimkuta karani, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliomba likizo; tukamwambia asubiri mitihani ipite. Mitihani ikapita, yakaja mahafali. Mahafali yakapita, ukaja usajili wa Kidato cha Kwanza, halafu ukaguzi. Kila mara sababu yetu ilikuwa ya kweli, na kila mara tulimsifu kwamba pasipo yeye shule haiendi. Miaka miwili ikapita. Alipoanza kuchelewa na kusahau mambo, tulisema katika kikao cha wafanyakazi, tena kwa mfano wa watu walioitwa katika shamba la mizabibu, kwamba wapo wanaopenda dinari lakini hawapendi joto la mchana. Wote walijua tunamsema nani. Yeye aliangalia meza. Mwezi uliofuata aliacha kazi bila kudai kitu, na hatukumfuata kuuliza. Tulichofanya ni kutangaza nafasi.

Mfano ule wa shamba la mizabibu tuliusoma vibaya. Mwenye shamba katika Injili alitoka mwenyewe kwenda sokoni, mara tano kwa siku, akiwatafuta watu na kuwauliza kwa nini wamesimama bila kazi. Alisikiliza jibu lao, na jioni ile ile aliwalipa. Sisi hatukuwa tumetoka ofisini hata mara moja kwenda kumwuliza mtu aliyeketi hatua kumi kutoka mlango wetu.

Ndiyo maana tunawageukia viongozi walei, hasa ninyi mnaokaa katika bodi za shule na kamati za fedha za parokia. Kwenye vikao hivyo ajenda huwa majengo, matokeo ya mitihani na madeni ya ada. Ombeni kuona mikataba ya wafanyakazi wasio walimu: karani, mhasibu, mpishi, mlinzi. Ulizeni ni lini kila mmoja alikwenda likizo mara ya mwisho. Ombeni stakabadhi za michango ya NSSF, si maneno. Kumkata mtu sehemu yake ya mchango na kutoipeleka ni kosa la jinai, lakini limezoeleka katika taasisi zetu hata latajwa kama ugumu wa fedha tu. Ulizeni karani anapokea maagizo kutoka kwa nani, na mtake awe mtu mmoja. Mtajibiwa kwamba shule haina fedha. Pengine ni kweli. Lakini kumpa mtu bwana mmoja hakugharimu hata senti, wala kumwonya faraghani badala ya dirishani.

Kwa wazazi tuna neno moja gumu. Wengi wetu tunajua tarehe ya kulipa ada tangu mwezi Novemba, nasi huja siku ya mwisho saa tisa alasiri, tukiwa na nusu ya fedha na sauti kubwa. Matusi ambayo hatuthubutu kumtolea mkuu wa shule tunamtolea katibu wake, kwa kuwa yeye hawezi kumfukuza mtoto wetu. Tumemwona mjumbe wa Halmashauri ya Walei akimrushia binti wa ofisini fomu usoni Ijumaa, na Jumapili akisoma somo la pili.

Nanyi watumishi wa ofisi, mlio waamini wenzetu: kunung'unika na kutegea havijamponya mtu yeyote. Kazi inayolazwa ili kumkomoa meneja humwangukia mtoto, naye hakuhusika na mkataba wenu. Semeni mapema, semeni kwa maandishi, mtunze nakala. Mkiogopa kusema peke yenu, njoni wawili watatu. Na anayeona kwamba usingizi umemtoka, chakula hakina ladha na hata Jumapili haimpumzishi, asikae na jambo hilo kama aibu. Amwendee mganga wa hospitali na amwambie mtu wa nyumbani mwake.

Jioni ya pili mama yule alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na hati za mishahara za miezi minane ya makato, na karatasi ya NSSF aliyokwenda kuiomba mwenyewe mjini, inayoonyesha miezi 14 ambayo michango yake haikufika. Hakutaka tumpiganie sana. Alitaka mambo mawili: aandikiwe barua kwamba hakuiba, na arudishiwe kabati lenye kufuli lake peke yake. Tuliyapeleka yote kwa bodi ya shule, pamoja na nakala za vifungu vya sheria. Kabati limenunuliwa. Mpaka tunapokwenda mitamboni barua haijaandikwa, na juu ya ile miezi 14 tumeambiwa tusubiri kikao cha robo ijayo. Tutakwenda.